Dodoso, daktari au safari? Kulinganisha njia za kutambua usonji mapema kwa mtoto wa Lubumbashi

Mzazi wa Lubumbashi anayeingiwa na wasiwasi juu ya mtoto wake wa miaka miwili hakosi washauri. Mama mkwe anasema angoje, kwani hata baba wa mtoto alichelewa kusema. Jirani anasema ampeleke kwenye maombi. Muuguzi wa kituo cha afya anaangalia fishi, karatasi ya kliniki ya mtoto, na kusema uzito uko sawa. Shemeji aliye Johannesburg anataka mtoto aletwe huko kwenye kipimo kikubwa. Rafiki amemtumia kwa WhatsApp karatasi ya maswali ishirini. Wote wanampenda mtoto. Lakini njia hizi hazilingani, na anayeanza na isiyofaa anaweza kupoteza mwaka mzima katika umri ambao mwaka mmoja ni mali kubwa.

Nitaziweka kando kwa kando, na naanza kwa kusema ninakoegemea. Kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30 anayeishi hapa mjini, ningeanza na M-CHAT-R/F, dodoso la maswali ishirini anayoulizwa mzazi, pamoja na mazungumzo yake ya duru ya pili, ambamo muuguzi anayarudia majibu yaliyotia wasiwasi kwa kina, kisha masikio, kisha daktari anayefuata vigezo vinavyokubalika. Safari na vipimo vya bei kubwa vingekuja baadaye sana, kama vingekuja. Kwenye duru ya pili nitakaa muda mrefu, maana ndicho kipande kinachoachwa mara nyingi, na ndicho chenye faida kubwa kwetu.

Tunatafuta nini

Usonji, ambao wengi wetu hapa tunauita otisme, hauonekani usoni wala kwenye mizani. Vigezo vya DSM-5, kitabu cha chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilichotoka mwaka 2013, vinadai mambo ya aina mbili kwa pamoja. La kwanza ni shida ya kuwasiliana na watu: kupokezana kauli na hisia, kutumia macho, uso na mikono, na kujenga uhusiano. Hayo matatu yote lazima yaonekane. La pili ni tabia za kujirudia, angalau mbili kati ya nne: miondoko au maneno yaleyale kila wakati, kukataa mabadiliko madogo, kushikilia jambo moja kupita kiasi, na hisi zinazopokea sauti, mguso au mwanga kwa nguvu mno au kwa udhaifu mno.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Kwa mji wenye watu zaidi ya milioni mbili kama wetu, hao ni maelfu. Wengi wao hawajawahi kupewa jina la hali yao, na baadhi wamepewa majina mabaya.

Nyumbani, dalili za kuangalia ni chache na ziko wazi. Kwenye mwaka mmoja mtoto haitiki jina lake na hapungi mkono. Kwenye mwaka na nusu hanyooshi kidole ili uone anachokiona yeye. Kwenye miaka miwili haunganishi maneno mawili ya kwake mwenyewe. Na katika umri wowote, akipoteza maneno au tabasamu aliyokuwa nayo, usingoje hata wiki.

Kungoja au kuchuja

Kungoja kuna hoja yake, na siidharau. Wako watoto wanaochelewa kusema tu, na wanasawazika wenyewe. Ila mtoto wa namna hiyo anazungumza kwa njia nyingine zote: anakuletea kiatu chako akitaka mtoke, anageuka kukuangalia mbwa akibweka, anacheka akikungoja ucheke naye. Mama mkwe anayesema "baba yake alichelewa hivyohivyo" anakumbuka maneno yaliyochelewa. Ukimuuliza kama baba huyo alikuwa akinyoosha kidole akiwa mdogo, mara nyingi atajibu kwamba alikuwa msumbufu wa kuonyesha kila kitu. Hapo ndipo watoto hao wawili wanapotofautiana.

Kuchuja, yaani kumuuliza mzazi maswali ya dodoso ili kuona kama mtoto apelekwe kwa daktari, kunachukua saa moja, na hakumdhuru mtoto hata kama hana usonji. Kungoja mwaka kunaweza kumdhuru. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinataka kila mtoto achujwe kwenye miezi 18 na tena kwenye miezi 24, awe na dalili au asiwe nazo. Hata hivyo, takwimu za huko zilizotolewa mwaka 2025 zinaonyesha kwamba nusu ya watoto wenye usonji walikuwa wametimiza miezi 47 kabla ya kutambuliwa. Nchi yenye wataalamu tele bado inachelewa kwa karibu miaka miwili, basi sisi tusiongeze yetu kwa hiari.

Kuna ushauri mmoja unaoniumiza kila ninapousikia: kwamba mtoto amechanganywa na lugha, kwa hiyo familia iache Kiswahili na imsemeshe Kifaransa peke yake. Lugha mbili au tatu hazileti usonji. Mama akiacha lugha anayoimbia na kubembelezea, mtoto anapoteza mazungumzo ya mtu anayemjua kuliko wote, tena wakati anayahitaji zaidi.

M-CHAT-R/F kando ya Maswali Kumi

Madodoso mawili yanafaa kulinganishwa kwa mazingira yetu.

La zamani ni Maswali Kumi, lililoandaliwa miaka ya 1980 kwa nchi zenye wataalamu wachache. Linatafuta ulemavu mkubwa wa aina yoyote kwa watoto wa miaka 2 hadi 9: kuona, kusikia, kutembea, kifafa, kuelewa. Ni fupi, na linafaa kwa mhamasishaji wa afya anayepita nyumba kwa nyumba. Lakini halikuandikwa kwa ajili ya usonji. Mtoto anayetembea vizuri, anayesikia, asiyeanguka kifafa, anaweza kulipita bila mtu kugundua kwamba hachangamani na wenzake. Uganda waliona pengo hilo. Daktari Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake waliongeza maswali 13 yanayolenga usonji, likawa dodoso la maswali 23, na kazi yao ilichapishwa mwaka 2014. Kwa mtoto aliyekwisha kupita miaka miwili na nusu, hilo lina thamani kwetu, kwa kuwa limepimwa katika familia za Kiafrika zenye maisha yanayokaribiana na ya hapa.

M-CHAT-R/F ni la watoto wa miezi 16 hadi 30 peke yao. Lina maswali 20 ya ndiyo au hapana, na waliolitunga, Diana Robins, Deborah Fein na Marianne Barton, wanaruhusu litumiwe bure hospitalini. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo. Alama 3 hadi 7 ni hatari ya kati, na hapo duru ya pili ni ya lazima. Alama 8 kwenda juu, mtoto anapelekwa moja kwa moja kwa daktari.

Muuguzi anayelitumia ajihadhari na maswali matatu. Katika maswali 17 jibu la kutia wasiwasi ni "hapana". Katika swali la 2, la 5 na la 12 ni kinyume: la 2 linauliza kama umewahi kudhani mtoto ni kiziwi, la 5 kuhusu kuchezesha vidole karibu na macho kwa namna isiyo ya kawaida, la 12 kuhusu kukerwa na sauti za kila siku. Hayo matatu yanahesabiwa kwa "ndiyo". Karatasi zinazozunguka kwenye simu mara nyingi hazielezi hilo, na mzazi anayejihesabia peke yake anaweza kujitisha bure au kujituliza bure.

Sasa duru ya pili. Kwa kanuni inarudia maswali yaliyotia wasiwasi peke yake, lakini ningetaka muuguzi achimbe vivyo hivyo hata pale jibu la kwanza linapoonekana zuri. Swali la 6 linauliza kama mtoto hunyoosha kidole kimoja akitaka kitu au msaada. Mama anajibu ndiyo bila kusita, na muuguzi mwenye foleni ndefu mlangoni anaweka alama na kuendelea. Lakini akikaa na swali hilo kwa dakika mbili zaidi, mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

— Mama, kikombe kiko juu ya meza na hakifikii. Anafanya nini?

— Ananivuta.

— Anakuvuta namna gani?

— Ananishika hapa, docta. (Mama anajishika kwenye kifundo cha mkono.) Ananipeleka mpaka mezani, anausukuma mkono wangu juu ya kikombe.

— Akikupeleka hivyo, anakuangalia usoni?

— Hapana. Anaangalia kikombe.

— Ukimwambia "nionyeshe", atanyoosha kidole?

— Hapana. Atalia.

Mama huyo hakudanganya. Mtoto wake anaomba maji na anayapata, na kwa mama hiyo ndiyo maana ya kuonyesha. Lakini kuutumia mkono wa mtu kama kifaa, bila kumtazama mwenye mkono, ni moja ya dalili ambazo madaktari wa usonji wanazitafuta hasa. Kwenye karatasi ya kwanza mtoto alipita, na maneno machache yakageuza jibu.

Inatokea kinyume pia. Swali la 10 linauliza kama mtoto huitika akiitwa jina, na mama anasema hapana. Ukiuliza unakuta muuguzi alimwita kwa jina la kwenye fishi, ilhali mtoto amebeba jina la babu yake na nyumbani wote wanamwita "Papa". Mwite Papa, anageuka mara moja. Swali la 12, la sauti: mtoto anaziba masikio mashine ya kusaga mahindi inapowashwa. Nani haizibii masikio mashine ile akiwa amesimama karibu? Muulize mama kuhusu ufagio, kuhusu maji yanayomiminwa, kuhusu mtoto mwingine anayelia. Swali la 7, la kuonyesha kitu kwa ajili ya furaha tu: mfano wa kwetu uwe ndege inayoshuka kwenye uwanja wa Luano au lori refu lililobeba shaba. Swali lenyewe lisibadilishwe, ila mfano uchukuliwe kwenye mtaa wa mtoto.

Takwimu zinakubaliana na hayo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulitumia dodoso hili kwa watoto 16,071 nchini Marekani. Kati ya waliobaki na alama za wasiwasi baada ya duru zote mbili, asilimia 47.5 walikuwa na usonji, na asilimia 94.6 walikuwa na ucheleweshaji au tatizo fulani la ukuaji linalohitaji msaada. Mwaka 2019 ukatoka uchunguzi mwingine, kutoka kliniki za kawaida za Philadelphia, ambako duru ya pili mara nyingi iliachwa kwa kukosa muda. Kule, kati ya watoto waliopata alama za wasiwasi, karibu asilimia 15 tu ndio waliokuwa na usonji, na dodoso lilinasa chini ya asilimia 40 ya wenye usonji kweli. Kazi ya haraka haikuwafaidi watoto wale.

Kutokana na takwimu hizo nina mambo mawili ya kumwambia mzazi. Alama mbaya si hukumu. Na alama nzuri haifuti wasiwasi wa mama: kama moyo bado hautulii, rudi baada ya miezi miwili au mitatu, au nenda kwa daktari.

Tatizo letu la pekee ni mahali pa kuwapata watoto hao. Baada ya chanjo ya surua ya miezi 9, akina mama wengi hawarudi tena kupima uzito. Basi katika umri uleule ambao dodoso linafaa, mtoto ametoweka kwenye kituo cha afya, na anaonekana tena akiwa na malaria au akianza shule ya chekechea. Kampeni za vitamini A, zinazowafikia watoto wa miezi 6 hadi 59, ni nafasi ambayo ningetamani kila eneo la afya la Lubumbashi liitumie. Muuguzi hawezi kuuliza maswali 20 kwenye msururu ule. Lakini anaweza kuuliza mawili, la kidole na la jina, na kumpangia siku mama aliyejibu hapana.

Na kwa kuwa nimetaja surua: chanjo haileti usonji. Makala ya mwaka 1998 iliyozusha hofu hiyo ilifutwa na jarida la The Lancet lililoichapisha, mwaka 2010. Surua yenyewe iliua zaidi ya watu 6,000 nchini mwetu Kongo tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020.

Masikio kwanza

Hapa sina la kulinganisha, maana ni hatua ambayo haina mbadala. Mtoto asiyesikia haitiki jina, haigi maneno, anajitenga. Hapa kwetu sababu za uziwi ni nyingi: homa ya uti wa mgongo, manjano kali ya siku za kwanza, sindano za gentamisini kwa mtoto mchanga, usaha wa sikio usiotibiwa. Kugonga sufuria nyuma ya mgongo wake si kipimo. Anaweza kugeukia kishindo na bado asisikie sauti za "s" na "f", au akausikia mtetemo badala ya sauti. Omba kuonana na daktari wa masikio, pua na koo, na uulize kama kuna kipimo kisichohitaji mtoto kujibu, kile kinachosoma mwitikio wa sikio lenyewe au wa mishipa yake. Mtoto anaweza pia kuwa na uziwi na usonji kwa pamoja, kwa hiyo kupata jibu la masikio kusikufanye ufunge faili.

Daktari mwenye vigezo, au ADOS-2

ADOS-2, kipimo cha usonji kinachofanywa kwa mchezo, iliyotoka mwaka 2012, inasifiwa duniani kote, na inastahili. Mtaalamu aliyefunzwa anakaa na mtoto kwa dakika 40 hadi 60, anacheza naye kwa mpangilio maalumu na kuandika anachokiona. Ina sehemu tano kulingana na umri na usemi, na moja ni ya watoto wa miezi 12 hadi 30. Sanduku lake linauzwa zaidi ya dola 2,000, na mafunzo yanalipiwa kando.

Lakini ADOS-2 haitoi uthibitisho peke yake. Alama zake lazima zisomwe na daktari pamoja na historia ya mtoto, kwa vigezo vilevile vya DSM-5 au vya ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Tena michezo yake ilitungwa kwa watoto wa kwingine. Mmojawapo ni kuigiza sherehe ya kuzaliwa ya mwanasesere, na keki na mishumaa. Kuna watoto wa mitaa yetu ya Katuba na Ruashi ambao hawajawahi kupuliza mshumaa wa keki. Wakishangaa tu, mtaalamu asiyewafahamu anaweza kuandika kwamba hawajui kuigiza. Mpe mtoto huyohuyo kijiko na sufuria tupu, umwone anavyosonga bukari (ugali) ya kujifanya na kukulisha, kama yuko sawa. Kama ana usonji, huenda atakizungusha kile kijiko kwa muda mrefu, akitazama kinavyong'aa.

Daktari wa watoto au wa akili asiye na sanduku lile, lakini mwenye muda na vigezo mbele yake, anaweza kuthibitisha usonji kwa mtoto wa miaka miwili mwenye dalili zilizo wazi. Utamjua kwa maswali yake. Anauliza kuhusu mimba na uzazi, kama mtoto alikosa hewa, kama alipata degedege au malaria ya ubongo, lini alisema neno la kwanza na kama lilipotea. Anashuka sakafuni kucheza naye. Anataka kumsikia pia yaya, yule dada mkubwa anayeshinda na mtoto mama akiwa sokoni, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayejua zaidi. Akikuandikia jina la ugonjwa baada ya dakika tano bila kumgusa mtoto, tafuta daktari mwingine. Vivyo hivyo akisema "hakuna kitu, ni mvulana".

Neno hilo la mvulana linawaponza wasichana pia. Wavulana hutambuliwa zaidi ya mara tatu kuliko wasichana, na msichana mtulivu anayeiga wenzake anapita machoni petu kama mtoto mwenye adabu. Kwake yeye, na kwa mtoto mkubwa anayesema vizuri lakini ana shida na watu, na pale madaktari wawili wanapopingana, ADOS-2 inastahili gharama yake.

Hapa mjini pa kuanzia ni idara za watoto za Hospitali ya Sendwe na za Kliniki za Chuo Kikuu. Kwa upande wa akili na mishipa ya fahamu kuna kituo cha Joseph Guislain, kinachoongozwa na mabruda wa shirika la Frères de la Charité. Uliza mapema kama kuna daktari anayewaona watoto wadogo, na siku gani. Wazazi wengine wanaogopa kuonekana kwenye lango la kituo cha wagonjwa wa akili, na nawaelewa. Lakini mtoto hana habari na lango, na daktari wa mishipa ya fahamu ndiye anayemhitaji ikiwa kuna kifafa, ambacho huwapata watoto wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Skana, umeme wa ubongo na damu

Hakuna kipimo cha damu wala skana inayoonyesha usonji. Kipimo cha umeme wa ubongo kina kazi kama mtoto anapata degedege, anaganda macho ghafla, au amepoteza usemi. Bila dalili hizo, pesa za vipimo hivyo zingefaa zaidi kwenye masikio na usafiri wa kliniki. Mwaka 2022 Marekani iliruhusu kifaa kinachofuatilia macho ya mtoto anapotazama video. Ni kazi nzuri, lakini nacho ni cha kumsaidia mtaalamu aliyekwisha kuwepo.

Vumbi la migodi ni swali la haki katika mji wetu. Uchunguzi uliofanyika hapa Lubumbashi na kuchapishwa mwaka 2020 ulihusisha kazi ya baba kwenye migodi na kasoro za kuzaliwa zinazoonekana kwa macho. Huo haukuwa uchunguzi wa usonji. Ila madini ya risasi yakiingia mwilini yanadhuru ubongo wa mtoto, na kwa familia inayoishi karibu na mahali pa kuyeyusha madini, au yenye mtoto anayekula udongo, kumwomba daktari kipimo cha risasi kwenye damu si upuuzi.

Kubaki au kusafiri

Wapo wanaovuka Kasumbalesa kwenda Zambia, wanaoruka hadi Kinshasa, Johannesburg au India. Safari ina faida moja ya kweli: timu nzima mahali pamoja. Hasara yake ni kwamba mtoto anapimwa akiwa amechoka, mbele ya sura ngeni, katika lugha asiyoijua, na familia inarudi na ripoti ya Kiingereza ambayo hakuna wa kuifuatilia hapa. Nimeona ripoti nzuri za kurasa nyingi zikilala kabatini, kwa sababu pesa zote ziliishia kwenye safari na hazikubaki za mtaalamu wa usemi. Kama una pesa ya jambo moja tu, ningeiweka kwenye miezi ya kazi na mtoto hapa nyumbani. Kama zipo za mambo mawili, safiri baada ya kufanya hatua za hapa, ukiwa na video, matokeo ya masikio na maandishi ya daktari wa kwanza.

Kuhusu maombi

Kuomba na kwenda kliniki havizuiani, na mchungaji anayesema "tutawaombea, nanyi kesho nendeni hospitali" ni msaada mkubwa kwa mama aliyechoka. Pasipo na majadiliano ni pale mtoto anapoitwa mchawi, anapofungiwa, anaponyimwa chakula. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu jambo hilo. Mchukue mtoto wako uondoke hapo siku hiyohiyo.

Chagua kwa hali ya mtoto wako

Chini ya miezi 16 na una wasiwasi: M-CHAT-R/F bado si ya umri wake. Pima masikio, mwone daktari wa watoto, na rudi kwenye dodoso akitimiza umri.

Miezi 16 hadi 30: dodoso pamoja na duru ya pili, likifanywa na muuguzi na sio kwa simu peke yako. Alama 8 au zaidi, usirudie maswali, nenda kwa daktari.

Zaidi ya miezi 30: maswali 23 ya Uganda kama muuguzi wako anayo, la sivyo moja kwa moja kwa daktari. Aliyefika miaka mitano au sita bila kutambuliwa naye hajachelewa kusaidiwa.

Aliyepoteza maneno au anayepata degedege, wa umri wowote: ruka madodoso yote, nenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu.

Popote uendapo, nenda na simu yenye video fupi tatu au nne: mtoto akila, akicheza na wenzake uani, akiitwa kwa jina lake la nyumbani mgongo ukiwa umegeuka, na akitaka kitu asichokifikia. Kliniki inatisha, na mtoto anaweza kuganda au kulia muda wote, hapo daktari hana cha kuona ila video hizo. Andika pia tarehe za maneno ya kwanza, hata kwa kukadiria: kabla ya Krismasi, baada ya kuhamia Kampemba.

Wakati unangoja miadi, kazi inaweza kuanza bila jina la ugonjwa. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa ukuaji, ya vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na yanaweza kuongozwa na mtu asiye mtaalamu aliyefunzwa. Hayadai cheti cha usonji ndipo mtoto apokelewe. Muulize muuguzi wako mkuu kama eneo lenu la afya linaweza kuyaomba. Na leo jioni kaa chini mbele ya mtoto, uso kwa uso, shika kikombe cha maji karibu na shavu lako, ngoja akuangalie japo kidogo, sema "maji", kisha mpe.